Mafuta si Maji: Dhana za Masika Kuhusu Kupaka Uso

"Daktari, kwa masika haya, nipake mafuta usoni ya nini? Uso wenyewe tayari kikaango." Maneno haya, au ndugu yake wa karibu, nimeyasikia mara tatu kati ya Jumatatu na Jumatano wiki hii. Aliyeyasema mwisho ni dada wa benki, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Paji lote linang'aa, na mashavuni vimagamba vyeupe vinaonekana hata kabla hajakaa kwenye kiti.

Lugha yetu nayo ina mkono hapa. Kiswahili kinatumia neno moja, mafuta, kwa kinachotoka kwenye vinyweleo na kwa kila kilichomo kwenye kopo: losheni, krimu, jeli, hata kile kisicho na tone la mafuta. Basi mtu anapiga hesabu: mafuta ninayo, mengine ya nini? Hesabu safi, ila kapima kitu kingine. Kinachopungua ngozi ikikauka ni maji. Tabaka la juu kabisa hubaki laini likiwa na maji ya kutosha. Yakipungua linakakamaa na kubanduka, hata likiwa limefunikwa na utando wa mafuta. Uso mmoja unaweza kuwa na mafuta tele na maji haba, na hapa Dar nyuso hizo ninaziona kila siku.

"Lakini hewa imejaa maji." Nje, ndiyo. Huyu dada yuko nje dakika 40 za daladala na foleni, kisha mchana kutwa yuko chini ya kiyoyozi. Zunguka nyuma ya jengo lolote la ofisi, utazame ule mpira unaodondosha maji ukutani. Hayo ndiyo maji yaliyokamuliwa kwenye hewa ya mle ndani, na uso wake unashinda kwenye hewa hiyo.

Asiyekaa ofisini naye ana njia yake ya kujikausha: sabuni. Masika unatoka jasho, unanata, unanawa. Jasho tena, unanawa tena, na mkononi ni sabuni ya kipande, au mbaya zaidi, sabuni ya dawa. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu unapungua). Sabuni ya kipande kwa kawaida ni 9 hadi 10. Ukinawa nayo mara 5 kwa siku unasomba yale mafuta ya katikati ya chembe za ngozi, ambayo ndiyo yanayozuia maji yasitoroke. Ngozi ikilia "kwichi" chini ya kidole watu wanaita usafi. Mimi naita kazi niliyoletewa.

Ndani ya dhana hii kubwa imejificha ndogo: kwamba ngozi ikikauka, tezi huongeza mafuta ili kufidia. Hata wauzaji wenye makoti meupe wanaisema. Tezi za mafuta husikiliza zaidi homoni, na joto huyafanya mafuta yatiririke kwa urahisi; haziitishi kikao kujadili ukavu wa mashavu. Kwa hiyo losheni haitakupunguzia mafuta. Itazuia ukavu, na hiyo ni kesi nyingine.

Upake nini basi? Jeli au losheni nyepesi, yenye glisarini miongoni mwa viambato vya mwanzo mwanzo kwenye lebo. Naipenda glisarini, sifichi. Ni rahisi, haina majivuno, na masika ndiyo msimu wake, maana kazi yake ni kuvuta maji na hewani yapo ya kuvutwa. Wanawake wa pwani wanaoichanganya na maji ya waridi wanajua wanachofanya. Kosa ni kuipaka tupu kutoka kwenye chupa: inanata, inakamata vumbi, na ukiingia kwenye kiyoyozi inavuta maji ya ngozi yako mwenyewe. Asidi ya hyaluroniki ina tabia hiyohiyo, kwa bei ya kutisha. Ukiona niasinamidi au seramidi kwenye lebo, viambato vinavyosaidia ngozi kushika maji yake, heri. Zikikosekana, lala usingizi. Paka kidogo, uso ukiwa bado mbichi, dakika 2 au 3 baada ya kunawa. Nawa asubuhi na jioni kwa kisafishaji kisicho sabuni, na jasho la mchana lifute kwa leso iliyoloweshwa maji matupu. Leso! Bibi yangu hakuvuka kizingiti bila yake.

"Mafuta ya nazi ni ya asili." Kwa nywele na miguu, sawa. Usoni, ndani ya joto na jasho, huziba vinyweleo vya wengi, na asidi zake ni chakula cha Malassezia, fangasi jamii ya hamira anayeishi kwenye ngozi zetu sote. Akishiba hukuletea vipele vidogo vya paji, vyote saizi moja, vinavyowasha ukitoka jasho. Hizo si chunusi, na antibayotiki zinaweza kuvizidisha. Mafuta ya zeituni yana kosa lilelile.

"Vaselini inaingia ndani." Haiingii. Tangu Robert Chesebrough aipatie hataza mwaka 1872, kazi yake ni kufunika tu. Midomo, visigino, uso wa mtu wa Njombe kwenye baridi ya Julai: ruksa. Uso wa Kariakoo mwezi Aprili, hapana.

"Kuna mawingu, sanskrini ya nini?" Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile ya jua ambayo sanskrini huizuia. Watu wenye ualbino, wanaotengenezewa sanskrini ya Kilisun kule Moshi, hawahitaji kuelezwa hili. Ngozi nyeusi haiungui upesi, lakini madoa ya chunusi yanakolea. Tena sanskrini ya jeli yenye glisarini inatosha kuwa losheni yako ya asubuhi. Kupanga tabaka nne ni mambo ya nchi za baridi. Hapa zitakuwa kwenye kola ya shati kabla hujafika Ubungo.

"Krimu ikichoma ndiyo inafanya kazi." Ioshe.

Halafu ile krimu ya saluni inayokausha vipele kwa siku 3. Inavikausha kweli, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna steroidi kali kama klobetasoli, binamu wa mkorogo wa kujichubua. Kinachotulia ni uvimbe na mwasho. Fangasi anaendelea kula chini kwa chini, ngozi inakuwa nyembamba, na siku ukiiacha vipele vinarudi na jamaa zao. Kama umeitumia kwa miezi, usiikate ghafla peke yako, wala usiongeze nyingine juu yake. Njoo nayo. Kopo lenyewe, hata kama halina lebo, si picha ya kifuniko kwenye simu.