Kitenge chekundu hakimgeuzi kinyonga

Jumapili iliyopita, hapa Bagira, mjini Bukavu, jirani yangu alileta kinyonga ndani ya besheni, akatandika kitenge chekundu mezani, akamweka katikati yake na kuwaita watoto. Haikuchukua muda mnyama akawa mweusi kama mkaa. "Unaona, Mwalimu," akaniambia, "anaanza kugeuka, wekundu uko njiani." Nimekwisha kuonyeshwa jaribio hili mara nyingi mno, majumbani na hata darasani mbele ya wanafunzi wa biolojia, na nimechoka kulijibu kwa maneno mawili ya mlangoni.

Kinyonga yule alikuwa ameogopa. Alikuwa ameng'olewa kwenye tawi, akashikwa mgongoni, akawekwa mahali tambarare ambapo vidole vyake havina kitu cha kukumbatia, huku nyuso kumi zikimwinamia. Juu ya kitenge cha kijani au cheupe angekuwa mweusi vilevile. Ubaya wa jaribio hili ni kwamba mnyama hubadilika kweli, kwa hiyo anayetazama huondoka na ushahidi mkononi, akiamini ameona rangi ikiifuata nguo, ilhali ameona hofu.

Kuhusu weusi wenyewe sitakawia. Chini katika ngozi zipo seli za melanini, ile rangi nyeusi ya mwili, ambazo matawi yake hupanda hadi karibu na uso. Melanini ikisambaa katika matawi hayo ngozi hutiwa giza, ikijikusanya ngozi hupauka. Kinachohitaji subira ni kijani, kwa sababu kila mwaka napata wanafunzi wanaodhani kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga kuna rangi ya kijani iliyohifadhiwa kama rangi ya nyumba koponi. Haimo. Zimo seli za njano, na chini yake zimo seli zilizojaa fuwele ndogo mno za kemikali iitwayo guanini, ambazo zenyewe hazina rangi yoyote. Tazama povu la sabuni unapofua: maji hayana rangi, lakini utando wake mwembamba unaonyesha buluu, njano na zambarau kulingana na unene wake. Fuwele nazo hurudisha mwanga kulingana na umbali uliopo kati yao. Mwaka 2015 kundi la Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva lilionyesha jambo hili kwa kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis. Dume akiwa ametulia, fuwele hukaribiana na kurudisha buluu, na buluu hiyo ikichanganyika na njano ya seli za juu, sisi tunaona kijani. Akikutana na dume mwenzake, fuwele huachana, mwanga unaorudishwa huhamia kwenye njano na nyekundu, na ndani ya dakika chache kijani kimetoweka.

Hapa vitabu vya kiada hukimbia, nami sitaki kukimbia navyo. Watafiti hao waliyapata mabadiliko kama hayo kwenye vipande vya ngozi kwa kubadilisha kiasi cha chumvi katika maji yaliyovizunguka, lakini kinachozisogeza fuwele ndani ya mnyama aliye hai hawakukithibitisha. Tena, ninapowaeleza wanafunzi habari za Trioceros johnstoni, yule wa misitu yetu ya milimani ambaye dume lake lina pembe tatu, ninaazima matokeo ya Madagaska. Naamini uazimaji huo ni wa haki, lakini ni uazimaji.

Sasa, kama hafuati nguo, anabadilika kwa ajili ya nani? Kwa kiasi kikubwa, kwa ajili ya kinyonga mwingine. Mwaka 2008 watafiti Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli waliwalinganisha vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika, wa jenasi ya Bradypodion, na wakakuta kwamba wenye uwezo mkubwa wa kubadilika hawakuwa wale wanaoishi penye mandhari za rangi nyingi, bali wale ambao ishara zao huonekana wazi zaidi machoni pa vinyonga wenzao. Mwaka 2013 Russell Ligon na Kevin McGraw waliwapambanisha madume wa kinyonga wa Yemen, na dume ambaye kichwa chake kiling'aa haraka zaidi ndiye aliyeelekea kushinda. Anayeshindwa hujitia giza, na mpinzani humwacha. Jike mwenye mayai naye huwakataa madume kwa rangi kabla hawajamkaribia.

Wapo waliosoma hayo wakarukia upande wa pili, wakatangaza kwamba kinyonga hajifichi kabisa. Hao nao wananichosha. Kijani chake cha utulivu, katikati ya majani, ni maficho bora kabisa, na Bradypodion taeniabronchum ameonekana kufanana zaidi na mahali alipo anapotishwa na ndege kuliko anapotishwa na nyoka, ambaye hatambui rangi vizuri kama ndege. Kwa hiyo kufanana na mazingira kupo, kwa kiasi na kwa baadhi ya aina. Kunakili kitenge hakupo. Sisi tunaowatafuta usiku kwa tochi tunalijua hilo vizuri, kwa sababu kinyonga aliyelala hupauka, akaonekana kwa mbali kati ya majani yenye giza, jambo ambalo mnakili wa mandhari asingelifanya.

Nilimrudisha yule wa jirani kwenye mparachichi ulio nyuma ya nyumba yake, nikamwomba awalete watoto hapo alfajiri, bila kumgusa mnyama. Walikuja. Baridi ya Bukavu ilikuwa bado haijatoka, na kinyonga alikuwa ametia giza ubavu mmoja tu, ule alioulaza upande wa jua ili aote joto, huku ubavu wa pili ukiwa umepauka. Majani yaliyomzunguka pande zote mbili yalikuwa ya kijani kilekile.