Wamelingana Alama: Wa Tatu Yuko Wapi?

Mama mmoja aliingia steshenari kwangu hapa Mbagala na karatasi ya matokeo ya darasa la sita, ile niliyoichapa mwenyewe siku mbili nyuma kwa kazi ya shule fulani. Shikamoo yangu aliipokea nusunusu. "Mwanangu, hapa naona wa kwanza, wa pili, wa pili tena, halafu wa nne. Wa tatu mmempeleka wapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba kompyuta ndiyo iliyopanga. Jibu hilo ni la uvivu, na si la kweli. Kompyuta ilifuata fomula, na fomula niliiweka mimi bila kumuuliza mwalimu chochote.

Nizipunguze alama zile ziwe saba tu: 88, 81, 81, 76, 76, 76, 70. Mtoto wa mama yule alikuwa mmoja wa wale watatu wenye 76. Ni wa ngapi? Kuna majibu manne, na kila moja lina watu wanaolitumia kila siku.

Jibu la kwanza ndilo lililomkasirisha mama. Kwenye Excel, programu ya majedwali ninayotumia, alama zikiwa kwenye seli (visanduku) B2 hadi B8, unaandika:

=RANK.EQ(B2,$B$2:$B$8)

kisha unaiburuta chini. (Alama za dola usizisahau. Ukiziacha, eneo la kulinganisha linateremka pamoja na fomula, na mtoto wa mwisho anajikuta wa kwanza kwa sababu analinganishwa na nafsi yake. Nimeliona hilo mara nyingi kwenye flashi za walimu.) Matokeo yanakuwa 1, 2, 2, 4, 4, 4, 7. Mantiki yake ni rahisi: nafasi yako ni idadi ya waliokuzidi, jumlisha moja. Wenye 76 wamezidiwa na watu watatu, basi ni wa nne. Nafasi ya tatu hakuna aliyeiiba. Imeliwa na wale wawili waliolingana juu yake. Ndivyo ilivyokuwa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwenye kuruka juu: Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia walilingana, wakakubaliana kugawana dhahabu, na aliyewafuata akapewa shaba. Fedha haikutolewa kwa mtu.

RANK ya zamani, isiyo na nukta, inafanya kazi hiyohiyo. Ukipanga muda wa mbio, ambako namba ndogo ndiyo bora, ongeza mkato na 1 mwishoni kabla ya kufunga mabano.

Jibu la pili ndilo wazazi wengi wanalolibeba kichwani: 1, 2, 2, 3, 3, 3, 4. Hakuna namba inayorukwa. Hapa hatuhesabu watu waliokuzidi, tunahesabu alama tofauti zilizokuzidi. Juu ya 76 kuna 88 na 81, alama mbili, kwa hiyo mtoto ni wa tatu. Excel haina neno moja la kazi hii ndani ya familia ya RANK, ndiyo maana watu huandika:

=SUMPRODUCT(($B$2:$B$8>B2)/COUNTIF($B$2:$B$8,$B$2:$B$8))+1

Inatisha kwa sura tu. Kila aliyekuzidi anahesabika moja iliyogawanywa kwa idadi ya wenye alama kama yake: wale wawili wenye 81 kila mmoja anahesabika nusu, nusu na nusu zinatoa alama moja tofauti. Kasoro yake ni kwamba mtoto ambaye hakufanya mtihani, seli yake ikiwa tupu, anafanya fomula igawanye kwa sifuri na safu nzima inajaa makosa. Waondoe wasiofanya kabla ya kupanga. Mimi binafsi mtindo huu siupendi kwa darasa kubwa. Darasa la watu tisini linaweza kuishia na "wa thelathini" kama nafasi ya mwisho, na mzazi akadhani mwanawe yuko katikati.

Jibu la tatu ni RANK.AVG, iliyoingia kwenye Excel ya 2010. Inawapa waliolingana wastani wa nafasi ambazo wangezishika kama wasingelingana. Wenye 81 wangekuwa wa 2 na wa 3, basi kila mmoja ni 2.5. Wenye 76 wangeshika 4, 5 na 6, wote wanapata 5. Kwenye ripoti ya shule ukiandika "nafasi ya 2.5" utachekwa. Ila jumla ya nafasi inabaki 28, sawasawa na 1 hadi 7 zikijumlishwa, na hilo ndilo wanalolitafuta watu wa takwimu. Mwanafunzi wa chuo anayekokotoa uhusiano kwa njia ya Spearman, ya tangu 1904, inayopima jinsi nafasi za orodha mbili zinavyofuatana, atumie hii.

Wazo la wastani linaeleweka haraka zaidi pesa zikiwa mezani. Tuseme mwenye duka Kariakoo ametenga zawadi kwa wauzaji wake: 100,000 kwa wa kwanza, 60,000 kwa wa pili, 40,000 kwa wa tatu. Wawili wakafungana kileleni. Akifuata RANK.EQ na kumpa kila mmoja 100,000, kisha 40,000 kwa anayefuata, mfuko wa 200,000 umeshakuwa 240,000. Akizichanganya zawadi mbili za juu na kuzigawa sawa, kila mmoja anachukua 80,000, wa tatu anapata 40,000 yake, na tajiri hatoboki mfuko.

Jibu la nne ni kukataa ngoma droo: lazima kila mmoja awe na namba yake. Hapo unatafuta kigezo cha pili, kama ligi ya mpira inavyoangalia tofauti ya mabao timu zikilingana pointi. Tuseme shule imeamua kuangalia Hisabati, na alama za Hisabati ziko safu ya C:

=RANK.EQ(B2,$B$2:$B$8)+COUNTIFS($B$2:$B$8,B2,$C$2:$C$8,">"&C2)

Kipande cha pili kinauliza: kati ya waliolingana nami, wangapi wamenizidi Hisabati? Hao ndio wanaonisukuma chini. Wakilingana na huko, wanabaki pamoja mpaka utafute kigezo cha tatu. Vigezo navyo huisha. AFCON ya 2015, Guinea na Mali walitoka sare ya 1-1 kwenye mechi zao zote tatu za kundi, ikiwemo waliyocheza wao kwa wao. Ikabidi ipigwe kura ya bahati. Guinea wakapita, Mali wakafunga mizigo.

Kuna njia ya mkato inayozunguka sana, ya kuongeza +COUNTIF($B$2:B2,B2)-1 mwishoni mwa fomula ya RANK.EQ. Inatoa namba zisizojirudia, kweli, lakini inampendelea aliyeandikwa juu kwenye orodha. Orodha ya darasa ikiwa ya alfabeti, watoto wa herufi A watawashinda wa herufi Z kila muhula bila kuwazidi hata alama moja. Itumie kwa kazi za ndani, mfano kuvuta majina yajipange yenyewe kwenye ukurasa mwingine. Kwenye ripoti ya mtoto usiiweke.

Halafu kuna sare za uongo. Mtoto mmoja amefanya masomo 7 akapata jumla 471, mwingine masomo 6 akapata 404. Wastani wao kwenye skrini, ukiacha desimali moja, ni 67.3 na 67.3. Excel lakini inaona 67.2857 na 67.3333, inawapa nafasi mbili tofauti, na mzazi anaona upendeleo mtupu. Yapo na ya kinyume: kompyuta huhifadhi namba kwa 0 na 1, na 0.1 haikai humo kamili, hivyo wastani mbili zilizo sawa kwa kalamu huweza kuachana kwa chembe huko mbali kwenye mkia wa desimali. Dawa ni moja: zungusha wastani wenyewe kwa ROUND(...,1) kwenye safu yake, ndipo upange nafasi kutoka hapo. Kubana desimali kwa kitufe cha mwonekano hakubadilishi kilichomo ndani ya seli.

Mama yule nilimweleza yote haya, ingawa kwa maneno machache kuliko hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akaigeuza karatasi, akaniuliza ni fomula ipi inayomfanya mwanawe awe wa tatu. Nikamwonyesha ile ndefu.

"Basi nitolee hiyo."

"Hiyo mama mpaka mwalimu aseme."

Siku hizi mwalimu akileta alama, kabla sijafungua faili namuuliza: wakilingana tufanyeje? Wengi hunitazama kama nimeuliza bei ya nyanya. Jibu lake nalichapa chini ya jedwali, kwa mfano: "Waliolingana wamepewa nafasi moja, nafasi inayofuata imerukwa."