Je, wajua kwa nini aliyeokoka huitwa "mlokole"?

Nenda kwenye mkutano wa injili, uwe wa Nakuru au wa Mwanza, mtu akishapewa kipaza sauti utamsikia: "Bwana Yesu asifiwe! Kwa majina naitwa fulani, nimeokoka, nampenda Yesu." Watu wanaitika amina. Akirudi mtaani, majirani hawamwiti mwokokaji. Wanamwita mlokole. Hiyo "l" imetoka wapi?

Imetoka Uganda. Kwa Kiganda, kuokoka ni okulokoka, aliyeokoka ni omulokole, na wakiwa wengi ni abalokole. Chukua lokoka, dondosha "l", unabaki na okoka. Chukua lokola, dondosha "l" zote mbili, unapata okoa. Omulokozi ndiye Mwokozi. Kwa hiyo neno lilipovuka mpaka halikuhitaji mkalimani. Lilivua omu-, likavaa m-, likaketi kwenye ngeli yetu ya watu kama mwenyeji.

Lililolibeba neno hilo ni vuguvugu la uamsho. Septemba 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikuwa Kampala amechoka na amekata tamaa. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Gahini ndiko moto ulikowaka baadaye, katika miaka ya 1930. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu huko. Alifariki Januari 1936 kwa homa ya kupe, akiwa bado kijana, na mwito wake kwa kanisa ulikuwa neno moja la Kiganda: Zukuka, yaani amka.

Jina "abalokole" walipewa na watu, mara nyingi kwa kejeli: hawa wanaojiona wameokoka! Wao wenyewe waliitana ab'oluganda, yaani ndugu. Na kilichowaudhi watu hakikuwa sala zao ndefu. Watu walikwazwa na kuungama hadharani. Mlokole alitaja dhambi yake kwa jina lake mbele ya watu, na kama kulikuwa na mali ya mtu ndani yake, aliirudisha. Andiko lao lilikuwa 1 Yohana 1:7, kuenenda nuruni. Zakayo naye alikuwa karibu, yule mtoza ushuru wa Luka 19 aliyeahidi kurudisha mara nne, akaambiwa, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Nyumbani. Mume alimwomba mkewe msamaha wanawe wakisikia, na mmishonari Mzungu alitakiwa aungame kiburi chake mbele ya Waafrika, jambo ambalo katika enzi ya mkoloni halikuwa dogo.

Nililiona kwa macho yangu utotoni, upande wa Kagera, nyumbani kwa bibi, uamsho ukiwa umeshazeeka. Alhamisi jioni wazee walikaa kwenye mikeka, taa ya chemli katikati. Mzee mmoja akasimama, kofia mkononi. Akasema msimu ule alinyunyizia maji kahawa yake kabla ya kuipeleka kwenye mizani ya chama cha ushirika, magunia matatu. Hakusema "nimekosa kama binadamu." Alisema magunia matatu. Kukawa kimya kidogo, kisha bibi akaanzisha Tukutendereza Yesu, tunakusifu Yesu, kwa Kiganda chake kilekile ingawa mle ndani wote walikuwa Wahaya. Wakamkumbatia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nawaza magunia.

Kanisani mambo hayakuwa laini. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwamo, baada ya mvutano juu ya mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Na huku kwetu ubishi ukawa ule ambao hadi leo unawasha moto msibani: je, mtu anaweza kuokoka akiwa bado duniani? Wengi walisema hayo yatajulikana siku ya mwisho. Ukifungua Biblia ya Kiswahili utaona kwa nini ubishi hauishi. Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa". 1 Wakorintho 1:18 inasema "tunaookolewa". Warumi 5:9 inasema "tutaokolewa". Kila upande una kitenzi chake. Walokole walishika -me-, na kwa maoni yangu hawakukosea, ila wengine wao walisahau kwamba Paulo alitumia pia -ta-.

Msimamo huo ulipimwa kwa damu. Wakati wa Mau Mau, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo wakisema wameshakunywa damu ya Kristo, na wakakataa vilevile bunduki za serikali. Baadhi waliuawa. Janani Luwum, askofu mkuu wa Uganda aliyeuawa chini ya Idi Amin Februari 1977, naye alikuwa mtu wa uamsho huu. Kwetu alitoka humo Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Angalia basi neno lilivyohama. Wale wa mwanzo wengi hawakutoka makanisani mwao: walibaki Waanglikana na Walutheri, wakibanana na maaskofu wao kwenye benchi lilelile. Leo Dar es Salaam ukisema mlokole, mtu anafikiria Mpentekoste na spika kubwa. Au anamfikiria tu mfanyakazi mwenzake anayeagiza soda wakati wengine wanaagiza bia.

Yule mzee wa kahawa alikwenda chamani Jumatatu, fedha zimefungwa kwenye leso. Karani alifungua daftari, akapekua huku na huku, akamuuliza aiandike wapi. Safu ya kupokea fedha kutoka kwa mkulima aliyekwishalipwa haikuwapo.