Unaifunga ateri ya bandama wapi?

Jana tena, kwenye raundi. Kijana kaanguka na bodaboda, bandama limepasuka, presha iko sawa. Daktari aliye mafunzoni ananiambia bila kusita: "Daktari, ateri ikifungwa kuzuia damu, bandama limekufa, bora tulitoe tu." Nimelisikia hili hadi nimechoka.

Ateri ya bandama, mshipa unaoliletea damu, ndiyo tawi nene kuliko mengine ya shina la siliaki, mshipa mfupi utokao kwenye mshipa mkuu wa damu. Hupita ukingo wa juu wa kongosho ikijipindapinda, hadi mlangoni mwa bandama, pale mishipa inapoingilia. Haya mnayajua.

Mnalosahau ni kuuliza: inafungwa wapi? Ukiifunga katikati ya safari yake, mbali na mlango, bandama lina njia za uani. Ateri fupi za tumbo (mfuko wa chakula), ambazo siku zote hutoa damu kwenye matawi ya bandama na kuipeleka tumboni, sasa huirudisha kinyumenyume, zikilishwa na ateri ya kushoto ya tumbo kupitia ukuta wa tumbo lenyewe. Ateri ya kushoto inayofuata mpindo mkubwa, ukingo mrefu wa tumbo hilo, hukutana na mwenzake wa kulia na kuleta damu itokayo upande wa ini. Vijiateri vya kongosho navyo huchangia. Msukumo wa damu unashuka, jeraha linapata nafasi ya kuganda, bandama linaishi! Ndiyo sababu penye vifaa, wataalamu wa mionzi huziba ateri hapohapo kwa koili, kijiwaya kilichosokotwa, na mgonjwa hapasuliwi.

Vuka mlango sasa. Humo ndani kila tawi lina kipande chake, na majirani hawasaidiani. Ziba moja, kipande chake kinakufa kwa umbo la kabari. Watoto wenye selimundu hupoteza bandama hivyo, kipande kwa kipande, mishipa midogo ikiziba. Ateri ni ileile, mahali ni tofauti, matokeo ni mbingu na ardhi.

Mgonjwa anayeishiwa damu mbele yako, toa bandama, usibishane. Lakini aliyetulia usimnyang'anye kinga dhidi ya nyumokokasi, bakteria wa nimonia, maisha yake yote kwa sababu ya sentensi uliyoikariri.

Linaloninyima raha ni hili: bandama lililookolewa kwa koili linalinda kama zamani? Dalili nyingi zinasema linafanya kazi, ila kuhusu chanjo hatujakubaliana. Mimi huwachanja. Sijawahi kuwa na uhakika kwamba kila mmoja wao alihitaji.