Baiskeli na kibao cha STOP: yanayosemwa kuhusu sheria ya Idaho na yalivyo

Mitaa ya makazi Marekani ina kitu ambacho mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi hukishangaa: kibao chekundu cha pembe nane chenye neno STOP karibu kila kona. Huku kwetu makutano madogo mengi hayana kibao chochote, na makubwa yana taa, kipilefti au trafiki aliyesimama katikati. Kule hata njia panda inayopita magari ya kuhesabu inaweza kuwa na vibao vinne, kila upande na chake, na kila anayefika sharti magurudumu yasimame kabisa kabla hajaendelea. Mwendesha baiskeli naye yumo. Je, aruhusiwe kupita bila kusimama pale anapoona njia ni nyeupe? Swali hilo limezua ubishi wa miaka mingi, na mengi yanayosemwa kwa sauti kubwa hayako hivyo.

"Sheria inawaruhusu wapite tu bila kujali mtu"

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Jimbo la Idaho lilipitisha sheria yake mwaka 1982. Inamtaka mwendesha baiskeli anayekaribia kibao cha STOP apunguze mwendo, asimame kama usalama unadai hivyo, kisha ampishe aliyekwisha kuingia kwenye makutano au anayekuja karibu kiasi cha kuleta hatari. Kwake yeye, kibao kile chekundu kinafanya kazi ya ile pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, ya kutoa kipaumbele. Kilichoondolewa ni amri ya kusimama pale ambapo hakuna wa kumpisha. Wajibu wa kupisha haujaguswa.

Itazame kwenye kona yenyewe. Baiskeli inakuja, na mita kadhaa kabla ya kibao mtu anaacha kukanyaga pedali, vidole viko kwenye breki. Anatazama kushoto kwanza, kwa kuwa Marekani wanaendesha upande wa kulia na gari la kwanza kumfikia litatokea kushoto. Kisha kulia, mbele, kushoto tena. Kuna gari limefika kabla yake? Anashusha mguu chini na kungoja. Kuna mama anavusha kigari cha mtoto? Anangoja. Kote kutupu? Anakanyaga na kupita, mwendo wake si mkubwa kuliko wa mtu anayekimbia. Akimkatia mwenzake njia amevunja sheria, Idaho kama kwingineko.

"Ni wazo la wanaharakati wa baiskeli"

Lilitoka mahakamani. Idaho ilipokuwa ikiandika upya sheria zake za barabarani, Carl Bianchi, aliyekuwa akisimamia utawala wa mahakama za jimbo hilo, aliona kesi ndogondogo za baiskeli zinawapotezea mahakimu muda. Pendekezo lake lilikuwa la mtu anayetaka kupunguza mafaili mezani, na nadhani ndiyo maana lilipita bila kelele nyingi. Baada ya hapo zikapita miaka 35 kabla jimbo jingine halijafuata: Delaware, mwaka 2017. Kisha mlango ukafunguka. Arkansas ilifuata mwaka 2019, Oregon na Washington zikaanza kuitumia mwaka 2020, Utah, North Dakota na Oklahoma mwaka 2021, Colorado nzima mwaka 2022, Minnesota mwaka 2023.

"Ajali zitaongezeka"

Hofu hii ina mantiki, lakini takwimu zilizopo hazijaiunga mkono. Polisi wa Delaware walilinganisha miezi 30 kabla ya sheria na miezi 30 baada yake. Ajali za baiskeli kwenye makutano yenye vibao vya STOP zilipungua kwa asilimia 23. Mtafiti Jason Meggs, katika kazi yake ya mwaka 2010, aliona kwamba majeruhi wa baiskeli Idaho walipungua kwa asilimia 14.5 mwaka uliofuata baada ya sheria kuanza. Idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia usalama barabarani ilitoa waraka mwaka 2022 ikisema hakuna ushahidi kwamba sheria za namna hii zimeongeza migongano ya baiskeli na watembea kwa miguu.

Hata hivyo wanaoshangilia asilimia 23 kama dawa iliyothibitishwa nao wanakimbilia mbali. Delaware ni jimbo dogo, ajali hizo si nyingi, na sheria ile ilikuja pamoja na mabadiliko mengine ya usalama wa baiskeli. Kinachoweza kusemwa bila kusitasita ni kwamba balaa lililotabiriwa halikutokea, hata Idaho ambako watu wamekuwa wakipita hivyo kwa zaidi ya miaka 40.

"Ni uvivu tu wa kusimama"

Anayesema hivi mara nyingi hajapanda baiskeli tangu utotoni. Dereva akisimama anarudisha mwendo kwa kukanyaga mafuta. Mwendesha baiskeli anaurudisha kwa mapaja. Joel Fajans, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, pamoja na Melanie Curry, walipiga hesabu mwaka 2001: katika mtaa wenye kibao kila mita 90 hivi, mpanda baiskeli wa kawaida hupoteza karibu asilimia 40 ya mwendo wake wa wastani kwa nguvu ile ile. Matokeo yake huyaoni kwenye kona hiyo. Unayaona barabara ya pili yake, ile kubwa isiyo na vibao lakini yenye malori, ambako mtu huyo huhamia ili asisimame kila baada ya nyumba chache. Na baiskeli inayoanza kutoka sifuri huyumba, tena inakawia katikati ya makutano kuliko ile iliyofika taratibu ikiendelea.

"Basi na taa nyekundu hazina maana kwao"

Inategemea jimbo. Idaho na Arkansas zinamruhusu mwendesha baiskeli kusimama kabisa kwenye taa nyekundu kisha kuendelea kama njia ni salama. Delaware na Washington hazimruhusu. Nafuu ni ya vibao tu, na Washington imeacha nje kibao cha basi la shule na makutano ya reli. Wanaotaja Paris nao wanachanganya mambo: kule baiskeli hupita taa nyekundu pale tu penye kibao kidogo cha pembetatu chini ya taa, na kwa uelekeo ulioonyeshwa pekee.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo siiweki kwenye orodha ya dhana potofu. Asiyeona huvuka barabara kwa kusikiliza. Gari linalosimama lina sauti yake, likiondoka lina sauti nyingine. Baiskeli haina hata moja. Sheria inasema apishwe, lakini yeye hana njia ya kujua kama ameonekana. Sijasoma jibu la kuridhisha kutoka kwa watetezi wa sheria hii, na takwimu za ajali hazipimi hofu ya mtu anayeamua kubaki nyumbani.

Na bodaboda wasijichangamshe: sheria hizi ni za baiskeli. Pikipiki ni chombo cha moto, ina uzito na kasi ya aina nyingine, na inabaki chini ya kibao kama gari.

Tofauti hizi za jimbo na jimbo zina uzito kwa Waswahili walioko Marekani. Boise, mji mkuu wa Idaho, umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili ni moja ya lugha zake za mtaani. Aliyezoea kona za Boise akihamia California asidhani desturi inahama naye. Bunge la California lilipitisha mswada kama huo mwaka 2021, lakini Gavana Gavin Newsom alikataa kuutia saini, akisema watoto hasa huenda wasiweze kukadiria kasi ya magari. Kwa hiyo anayeshuka na baiskeli pwani ya Pasifiki anapita vibao vya Washington na Oregon kwa kupunguza mwendo na kupisha, lakini akivuka mpaka wa California lazima asimame kabisa, hata kama barabara haina mtu, la sivyo faini ni yake.