Kichupo kimefungwa, data ipo: dhana potofu kuhusu data za muda za kivinjari

Kompyuta ya steshenari pale Mwanga, Kigoma, hupita mikono mingi kwa siku: huyu anajaza fomu ya mkopo wa chuo, yule anatuma oda ya dagaa. Mfumo ukifuta data nusunusu, anayekaa baadaye anakuta mambo ya mwenzake.

Dhana: Mtu akifunga kichupo (tab), yameisha.
Nusu kweli. sessionStorage, hifadhi ya muda ya kivinjari kwa kichupo kimoja, hufa na kichupo chake, ila ukibonyeza Ctrl+Shift+T kichupo hurudi, mara nyingi na data zake. Kuki za muda (data ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari) nazo hubaki kama kivinjari kimewekwa kiendelee kilipoishia. Kazi ya kufuta ni ya kitufe cha Toka, si ya mteja.

Dhana: sessionStorage.clear() inamaliza kila kitu.
Hapa ndipo wengi wanakwama. Amri hiyo inafuta hifadhi ya kichupo hicho tu, kwa tovuti hiyo tu. Kichupo cha pili kina hifadhi yake, na localStorage, hifadhi inayobaki hata kivinjari kikifungwa, haiguswi. Kuki yenye alama ya HttpOnly, JavaScript ya ukurasa haiioni kabisa; seva ndiyo iifute, kwa kuituma upya ikiwa na Max-Age=0 (yaani muda wake umeisha) pamoja na Path (njia) na Domain (kikoa) zilezile za mwanzo. Kuki iliwekwa kwenye /oda, wewe unafuta ya /? Ile ya kwanza inabaki, na hakuna ujumbe wa kosa. Utatafuta mpaka jioni.

Kwenye PHP (lugha ya upande wa seva), session_destroy(), inayofuta data za kikao kwenye seva, peke yake haiondoi kuki. Anza na session_start(), weka $_SESSION = [], futa kuki kwa setcookie(), ndipo uite session_destroy().

Njia ya mkato: ukurasa wa Toka utume kichwa cha HTTP (header) cha Clear-Site-Data: "cookies", "storage". Alama za nukuu ni lazima, na bila HTTPS kinapuuzwa. Angalizo: "cookies" hufagia hadi vikoa vidogo, kwa hiyo mfumo mwingine ulio chini ya kikoa hicho nao utamtoa mtu.

Dhana: Kupakia ukurasa upya kunafuta.
Hapana. Vinavyopotea ni vigeu vya JavaScript. Kuondoa kitu kimoja kwenye sessionStorage, mfano kapu, tumia sessionStorage.removeItem('kapu').

Dhana: Mshale wa kurudi ukionyesha fomu, basi hajatoka.
Huenda ametoka, hiyo ni nakala ya kivinjari. Kurasa za ndani zitume Cache-Control: no-store, na kwenye tukio la pageshow (ukurasa unapoonyeshwa), event.persisted ikiwa kweli, yaani ukurasa umetoka kwenye nakala hiyo, ita location.reload() ili upakiwe upya.