Mjusi wa Kijani wa Pemba

Mchana wa jua, simama karibu na mgomba Pemba utazame pale jani linapoachana na shina. Huenda ukamkuta amejibanza, kijani kibichi kama jani lenyewe. Ukisogea, anazungukia upande wa pili na kukuchungulia. Huyo ni mjusi wa kijani wa Pemba, kwa jina la kisayansi Phelsuma parkeri. Makao yake ya asili ni Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka, basi. Urefu wake, mkia ukiwemo, hufika sentimita 16 hivi.

Asichanganywe na mjusi kafiri wa ukutani, ingawa ni ndugu. Yule wa ukutani amepauka, hutoka usiku kuvizia wadudu kwenye taa, na mwangani mboni yake hubana ikawa ufa mwembamba. Huyu wa kijani usiku hulala, na mboni yake ni duara. Kope hana, jicho likiingia vumbi hulifuta kwa ulimi, jambo ambalo mimi hadi leo hunichekesha. Hula wadudu, na hulamba utamu wa maua na matunda yaliyoiva. Sumu hana.

Kwa nini Pemba na si Unguja? Jibu liko chini ya bahari. Kati ya Unguja na bara maji ni ya kina kifupi, na enzi za barafu, bahari ilipopungua, palikuwa nchi kavu. Wanyama walivuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Cha kufika Pemba kilipaswa kuruka au kuelea. Jamaa wengi wa Phelsuma wako Madagaska, Bukini ya wazee wetu, na inaaminika mababu wa mjusi huyu walichukuliwa na bahari juu ya magogo.

Wafugaji wa ng'ambo humtamani kwa rangi yake. Jenasi yote ya Phelsuma, yaani yeye na jamaa zake wa karibu, imo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo kumsafirisha nje bila kibali ni kosa.

Kwa wakulima nina ombi moja. Jike hutaga kwa kawaida mayai mawili, meupe, yenye ganda gumu, katika mikunjo ya majani. Ukishakata mkungu na kabla hujauangusha mgomba, kagua mikunjo hiyo. Ukiyakuta, kata kipande hicho ukiegemeze kivulini kwenye mgomba mwingine, bila kuyageuza mayai.